Aliyekuwa Akifagia Msikiti



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, alikuwepo Madina mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Habari yake wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, na baadhi ya wapokezi wametia shaka kama alikuwa mwanamke au mwanamume. Akafa, akazikwa, na Mtume hakuambiwa, kwa kuwa watu waliliona jambo lake ni dogo. Mtume ndiye aliyemkosa, akamuulizia. Alipojua amekufa, aliwauliza kwa nini hawakumwarifu, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akalisimamia na kumswalia.

Tuangalie alikuwa nani huyo aliyeulizia. Alikuwa akipokea wahyi, akihukumu kesi za watu, akipokea wajumbe wa makabila, na bado akajua kwamba mfagiaji hayupo. Jambo ambalo masahaba waliliona dogo, yeye alilifuata kwa miguu yake mpaka makaburini.

Sasa tuutazame mji wetu wa Pangani. Kila mtoto aliyesoma hapa anajua kwamba Abushiri bin Salim alinyongwa hapa na Wajerumani mwaka 1889, na ni haki tumkumbuke. Lakini hawa tuliowazika mwaka huu, ambao hakuna kitabu kitakachowaandika, tumewakumbuka vipi? Maziko tunayajua. Kipaza sauti cha msikiti kikitangaza, tunasema Inna lillahi, maduka yanafungwa, jeneza linapokezwa bega kwa bega, wa Bweni wanavuka na pantoni wawahi. Hapo sina la kulaumu, na malipo yake ni makubwa: Mtume ametueleza kwamba mwenye kulihudhuria jeneza mpaka likaswaliwa ana kirati moja, na akikaa mpaka maiti akazikwa ana kirati mbili, mfano wa milima miwili mikubwa. Upungufu wetu unaanza tukishakung'uta udongo mikononi.

Katika mji mdogo mtu mmoja hubeba kazi za watu wengi, na hatuzioni mpaka afe. Mzee aliyekuwa akichota maji ya udhu kabla ya alfajiri, umeme ukikatika na pampu ikasimama. Mwalimu aliyewasomesha watoto Juzuu Amma barazani kwake kwa pesa ya Alhamisi, na waliokuja mikono mitupu hakuwarudisha. Mama wa vitumbua aliyempa mtoto wa shule mwenye njaa bila kumwandika deni. Na mama aliyeosha maiti za wanawake, akigongewa mlango saa nane za usiku anajifunga kanga yake na kutoka, hata kama aliyekufa hajawahi kumsalimia.

Huyu wa mwisho nataka nimsemee zaidi, maana kazi yake ina heshima ambayo wengi hatuijui. Binti wa Mtume alipofariki, miongoni mwa waliomwosha ni Ummu Atiyya, mwanamke wa Kianswari. Mtume aliwaelekeza wamwoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Aliwapa shuka yake wamviringe nayo. Leo fundi yeyote wa kuosha maiti, awe Pangani au Kilwa, anafuata maneno yaliyopita kwa Ummu Atiyya. Muhammad bin Sirin na dada yake Hafsa, watu wa elimu wa Basra, walipokea hadithi hiyo kutoka kwake. Basi muoshaji wetu alikuwa na silsila yake, kama alivyo nayo sheikh. Tuliomzika tulimsifu kwa upole wake, na upole alikuwa nao. Elimu yake je, nani ameichukua?

Kuna na madeni. Jabir bin Abdillahi amesimulia kwamba aliletwa maiti, Mtume akauliza kama anadaiwa. Akaambiwa dinari mbili. Akaondoka asimswalie, mpaka Abu Qatada alipozichukua juu yake. Siku ya pili Mtume akamuuliza habari ya zile dinari. Abu Qatada akajibu kwamba mtu amekufa jana tu. Siku iliyofuata akaja na habari kwamba amelipa, na hapo Mtume akasema ndiyo sasa ngozi ya yule maiti imepoa. Kwetu makaburini husimama msemaji akatangaza: anayemdai marehemu au anayedaiwa naye amwone fulani. Wanaodai hujitokeza jioni ileile. Wanaodaiwa wananyamaza, na kule kunyamaza ni kula mali ya mayatima, hakuna jina jingine. Wewe unayejua kwamba ulichukua nyavu zake, au fedha zake za kikoba hukurudisha, maiti hawezi kukukumbusha, lakini mtakutana.

Wafiwa nao tuwaondolee mzigo wa kupika. Jafari, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Muta mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliamuru familia yake ipikiwe. Kwetu wafiwa ndio wanaotupikia pilau, tena la kukopa, na sisi tunaonawa mikono tukala. Hili likome.

Tusiwasahau na marafiki wa marehemu. Bibi Khadija alifia Makka kabla ya Hijra. Miaka mingi baadaye Madina, Mtume alikuwa akichinja mbuzi, akamkata vipande na kuwapelekea marafiki wa Bibi Khadija. Anayetusimulia ni Bibi Aisha, na amekiri wazi wivu uliomshika. Masuala ya khitma na arubaini wanavyuoni wetu wameyazungumza sana, sitayaingilia leo. Mtume hakuwa na tarehe ya kumkumbuka mkewe. Alimkumbuka kila kisu kilipopita. Mnamjua mzee aliyekuwa akicheza bao na marehemu kila alasiri. Sasa anakaa peke yake. Mpelekeeni samaki. Kaeni naye.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote tuliowazika, awasamehe na ayatie nuru makaburi yao. Vijana, gawaneni zamu za maji ya udhu kuanzia kesho alfajiri. Na nyinyi binti zetu, waendeeni kina mama waliobaki wanaojua kuosha, muwaombe wawafundishe wakiwa wazima, na mwende wiki hii.

Wabillahi tawfiq.