Mpanda Baiskeli na Mwenzake Aliye Nyumbani

Masomo: Mhubiri 4:9–12, Luka 2:41–46, Luka 4:9–12



Mvua za kwetu Ugogo huanza kuelekea Desemba na kuendelea hadi Aprili. Ndiyo miezi ya jembe, na ndiyo miezi ambayo wainjilisti wetu huendelea kwenda mitaa ya mbali, mtu mmoja mmoja, juu ya baiskeli. Pikipiki zimekuwa nyingi siku hizi, lakini petroli ni fedha, na baiskeli bado ndiyo punda wa kanisa. Kwa hiyo naomba niseme nanyi habari ya mtu asafiriye peke yake kwa baiskeli katika njia ndefu ya porini.

Mhubiri anatufundisha ya kwamba watu wawili wana faida kumshinda mmoja, kwa sababu mmoja akidondoka, mwenziwe yupo wa kumsimamisha. Naye anamsikitikia yule adondokaye bila kuwa na mtu. Neno hili ni jema, lakini mwinjilisti aweza kuuliza: "Mimi nifanyeje? Mtaa una mwinjilisti mmoja na baiskeli moja. Huyo wa pili nimtoe wapi?"

Nitamjibu kwa habari ya aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Chuo cha Ualimu karibuni, nikifundisha katika kijiji kimoja kusini ya Mpwapwa. Wazee mnaikumbuka miaka ile. Sukari na sabuni vilitafutwa kama dhahabu, na mtu akisikika anakwenda mjini, majirani walimletea vikopo na fedha zao. Mimi sikutaka mizigo ya watu. Basi Jumamosi moja ya mwezi Machi niliondoka kabla ya jogoo la pili bila kumwaga mtu ye yote, hata mama jirani aliyezoea kunipa uji asubuhi. Mjini nikapata kilo mbili za sukari. Nikafurahi, nikakawia kwa rafiki, nikaanza kurudi jua limekwisha kuinama.

Mipira ya breki ya nyuma ilikuwa imelika tangu majuma mawili. Nilijua. Nikasema moyoni, Mungu atanilinda. Kwenye mteremko wa korongo baiskeli ikanishinda, gurudumu la mbele likazama katika mchanga, nikarushwa, na mguu ukavunjika juu ya kifundo. Nikajikokota mpaka ukingoni. Nilipolala palikuwa pakavu, lakini upande wa milimani radi ilikuwa ikimulika. Usiku maji yakashuka kwa mshindo yakachukua baiskeli pamoja na sukari yake, nami nikitazama. Niliita mpaka sauti ikakauka. Walionijibu ni fisi.

Nyumbani hakuna aliyenitafuta. Si kwamba hawakunipenda, bali hakuna aliyejua kwamba nimeondoka. Asubuhi mzee mmoja mchunga ng'ombe alinikuta, akaita wenzake, wakanibeba kwa kitanda cha kamba. Mama jirani alipokuja kunitazama alileta uji usio na sukari. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, ungeniaga, mwanangu. Ningalikuja hata usiku, na taa yangu."

Neno lile limekaa nami miaka 40 na zaidi. Ndani yake nimejifunza mambo matatu.

La kwanza, tusimjaribu Bwana. Ibilisi alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, akamtajia na ahadi ya malaika kutoka katika Zaburi. Bwana wetu hakukana kwamba malaika wapo. Alikataa kuifanya ahadi ya Baba kuwa ruhusa ya uzembe. Mimi niliposhuka mteremko ule bila breki nikisema Mungu atanilinda, nilikuwa juu ya kinara kile, na sauti niliyoisikiliza haikuwa ya Mungu.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kuomba kwa ajili ya safari, na hata baada ya kuomba, kagua baiskeli. Breki zote mbili zishike. Chukua pampu, kiraka na solusheni, maana mwiba wa mgunga haujui kwamba wewe ni mtu wa kanisa. Mzigo ufunge vizuri kwenye karia, na ncha za kamba zisining'inie zikanaswa na spoki. Chukua maji ya kutosha, na kitu cha kutia kinywani. Vaa nguo ya rangi nyeupe, na kofia ngumu ukiipata. Barabarani shika kushoto. Lori likija na wingu la vumbi, shuka, simama pembeni, wala usirudi njiani mara lipitapo. Huenda nyuma ya vumbi liko jingine, na dereva wake hakuoni. Kwetu jua likizama giza huingia upesi, basi panga safari yako ufike mapema, na taa uwe nayo hata hivyo.

Tena, korongo. Si lazima mvua inyeshe juu ya kichwa chako ndipo maji yaje. Yakinyesha milimani yanakufuata bondeni. Maji ya rangi ya udongo, yasiyokuonyesha chini, usiyaingie hata kama yako chini ya magoti, kwa sababu huchota mchanga chini ya miguu yako. Mnakumbuka Desemba 2009, mafuriko yalivyoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kama maji yalishinda reli ya chuma, baiskeli ni nini? Kaa ukingoni, mahali pa juu, ungoje yapungue. Wahenga walisema: Kawia ufike.

La pili, aga. Vijana hudhani kuaga ni kuomba ruhusa. Sivyo. Kuaga ni kumkabidhi mtu sehemu ya safari yako. Mwambie unapita njia ipi, unakwenda kwa nani, na saa ngapi akutazamie. Simu ni msaada mkubwa, lakini mtandao hupotea mabondeni na chaji huisha. Basi acha neno kwa mtu, na namba ya nyumbani iandike kwenye karatasi mfukoni, maana simu iliyozimika haimwambii msamaria ampigie nani. Ukibadili njia, peleka habari. Lakini uage kwa busara. Aliyebeba sadaka ya mtaa asitangaze safari yake gulioni.

La tatu ni la sisi tunaobaki. Yusufu na Mariamu, watu wacha Mungu, walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto yumo katika msafara. Kudhani ndiko kulikowapotezea siku ile. Nasi husema, "Labda amelala huko, labda mvua imemzuia." Saa aliyoitaja ikipita, ulizia alikotoka na alikokwenda. Kama hakuna habari, ondokeni watu wawili au watatu, wenye taa, mkaifuate njia yake. Msingoje asubuhi, wala asitumwe mtu mmoja peke yake.

Kwa sababu hiyo nalitoa ombi kwa wazee wa kanisa. Kila mtaa uwe na daftari moja, lile la shule linatosha. Mwinjilisti au mwalimu anayetoka aandike jina, njia na saa ya kurudi. Akirudi, apige mstari. Na mzee mmoja awe na zamu ya kulitazama jioni, kabla hajala chakula chake. Daftari ni fedha kidogo, na upendo wa kulitazama hauuzwi dukani.

Basi namrudia yule mwinjilisti aliyeuliza amtoe wapi mwenzake. Ndugu yangu, mwenzako ni yule anayeijua saa yako. Mhubiri anamalizia kwa kutaja kamba ya nyuzi tatu, kwamba si rahisi kukatika. Mimi naziona hivi: wewe uliye njiani, yule anayekungoja mlangoni, na Bwana aliye pamoja nanyi nyote wawili. Mimi niliikata kamba hiyo kwa kilo mbili za sukari.

Tuombe. Ee Bwana, uwalinde wote watembeao peke yao leo katika njia zetu. Uwape akili ya kujiandaa na unyenyekevu wa kuaga. Nasi tunaobaki utupe masikio ya kusikia, na miguu ya kutoka usiku. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.