Cha Mvunguni

Aliyeniuzia ile CD alikuwa ameshuka jukwaani muda si mrefu, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kunguruma. Alikaa karibu na mlango wa ukumbi, hapa Nairobi, shingo bado ikimtiririka jasho, mbele yake, juu ya meza, boksi la viatu lililojaa kazi yake. Nilipomtumia hela kwa M-Pesa, simu ikaniletea jina lake la kitambulisho, la ubatizo na la ukoo. Jukwaani ana jina la kutisha watoto. Pale kwenye simu nikaona nimemlipa mtoto wa watu.

Jalada lilikuwa la karatasi ngumu, limekunjwa kwa mkono, gundi imevuja ukingoni. Nyuma ameandika kwa kalamu ya wino: 47/100. Mia moja tu. Zote amezilipia yeye kabla hajajua kama kuna hata mmoja atakayenunua.

Muziki wa metali kwetu ni muziki wa mvunguni. Redio haziupigi, harusini hauingii, na jirani akiusikia huuliza kama kuna mgonjwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile methali ya mtaka cha mvunguni inazungumzia taabu. Siku hizi naisikia kama methali ya adabu: ukitaka kitu cha mtu, inama, mfuate alipo, muulize mwenyewe.

Sikuinama siku zote. Kwa miaka mingi nyimbo zangu zilitoka kwenye flashi za marafiki, mamia kwa mamia, na sikumbuki hata jina la mpiga ngoma mmoja. Zilikuja bure, nikazisikiliza kibure. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuna wanaosema siku hizi msanii analipwa na mitandao. Tangu 2024, Spotify hailipi kitu kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Kwa nyota wa bongofleva hiyo ni idadi ya dakika chache. Kwa bendi inayopigia watu sitini ukumbini, huenda ni jasho la mwaka mzima lisilo na ujira. Bandcamp, ambako bendi nyingi za aina hii huuzia santuri na kanda, huchukua asilimia 10 ya bei ya bidhaa kama hizo. Mezani, mkono kwa mkono, hapakuwa na wa kumega kitu kati yetu, ukiacha ada ya kutuma pesa.

Tena si kwamba kazi zenyewe ni ndogo. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikageuka kuwatazama. Mmoja wao, Lord Spikeheart, akaanzisha lebo yake, Haekalu, na 2024 akatoa albamu ya The Adept. Yeye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, yule field marshal wa Mau Mau. Nikizisikia zile kelele simshangai. Najua kwao kuna watu waliokaa msituni.

Rafiki yangu aliniuliza nanunuaje CD nami sina hata cha kuipigia. Ni kweli, nilimwazima shangazi redio yake ya zamani. Lakini pale mezani nilipewa pia maneno. Yule kijana aliniambia wimbo wa tatu waliurekodi sebuleni kwa mama yake, na kwamba nikitega sikio vizuri nitamsikia jogoo. Walikosa moyo wa kumfuta.

Nilisikiliza mara mbili nisimpate. Mara ya tatu nikazima taa, nikasogea karibu na spika. Gitaa zikatulia kidogo kabla ya mwisho, na kwa mbali, nyuma ya ukuta wa nyumba nisiyoijua, akawika. Nilimwandikia yule kijana usiku uleule kumwambia nimemsikia.