Hewa ya Mlango wa Nyuma

Somo: Mwanzo 3:1-6, Mithali 4:23, Mathayo 5:23-24



Mtakumbuka tulipokuwa katika Wimbo Ulio Bora tukaongea juu ya mbweha wadogo wanaoharibu mizabibu. Baada ya ibada kijana mmoja wa boda akanishika mkono: "Pasta, mbweha wangu mimi anakaa kwa injini." Pikipiki yake bado ina mkopo, na mkopo haulali hata pikipiki ikilala. Nikamwambia ailete nyumbani Jumatatu. Wengi mnajua kwamba kabla ya kuitwa nilikula kwa spana.

Asubuhi ilikuwa haiwaki mpaka uvute choki. Ikishawaka, ukiachilia mkono wa mafuta injini haishuki, inabaki juu inapiga kelele. Mkiteremka mlima, ekzosi inapasuka kama fataki. Tulipofungua plagi tukaikuta nyeupe, kavu kama mfupa. Rangi hiyo inasema hewa imezidi petroli. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa ndiyo iungue vizuri. Hewa ikizidi sana injini inachemka, na ukiendelea kuibeba hivyo na mizigo, pistoni inaweza kutoboka. Hapo kijana amebaki na deni bila kazi.

Sasa hebu mnisikilize vizuri. Hewa si adui ya injini. Bila hewa haiwaki kabisa. Lakini hewa imewekewa njia: ipite kwa chujio, vumbi libaki huko, ipite kwa kabureta, ipimiwe petroli yake, ndipo iingie. Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna kipande kifupi cha raba. Pale maungio yakilegea, injini inavuta hewa ya mlango wa nyuma, ambayo haikuchujwa wala kupimwa. Na ubaya wake ni huu: oili ikivuja utaona doa chini. Hii haidondoki. Inaingia tu, na wewe huoni kitu.

Ndiyo maana mafundi wawili waliitazama wakaipita. Mmoja alipunguza skrubu ya saileni ili kelele ishuke. Mwingine akamwambia atembee na choki nusu. Wiki tatu kijana anatembea na choki! Ni kweli injini ilitulia, kwa sababu choki inaongeza petroli. Lakini tundu liko palepale, na pesa ya petroli inaisha mapema.

Tulichukua maji yenye sabuni kidogo, tukayadondosha pole pole kwa maungio injini ikinguruma. Tulipofika nyuma ya ile raba, sauti ikabadilika papo hapo. Tumempata! Tukazima, tukangoja ipoe, tukafunga petroli, tukatoa kabureta. Raba ilikuwa nzima. Oringi ndiyo ilikuwa imekauka na kubapa, na boliti moja imelegea. Oringi mpya ni bei ya chai na mandazi. Tukafuta pale mahali mpaka pakang'aa, tukakaza boliti mbili kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, bila nguvu za Samsoni, maana alumini ikikatika nyuzi hiyo ni hasara nyingine. (Wengine hupaka silikoni. Petroli huila silikoni ya kawaida, na vipande vinavutwa ndani. Usipake.) Tukairudisha. Ikawaka bila choki, ikashuka, ikatulia.

Nirudi kwa Hawa. Yeye alikuwa na Neno, tena alilijua; alimjibu nyoka kwa hilo Neno. Lakini kati ya sikio na moyo likaingia neno lingine. Kati ya "mtakufa" na "hamtakufa" kuna tofauti gani? Silabi moja tu. Shetani hakuhitaji mlango mkubwa.

Mama, umesikia Neno Jumapili. Jumanne mtu anakuja kwako, anakaa, anakunywa chai, anasema, "Mimi sisemi kitu, lakini bwanako..." Hiyo ni hewa ya mlango wa nyuma. Baba, na wewe una wako huko kwa stendi. Haikupita kwa maombi, haikupimwa kwa Neno, na imeshaingia. Ndiyo maana nyumba inanguruma na hakuna aliyegusa mafuta.

Kuna nyumba katika kanisa hili, mume na mke wote wameokoka, tangu Aprili hawaongei kwa sababu ya pesa iliyotumwa kwa jamaa mmoja. Na wote wawili wanafunga! Wanakuja kesha, huyu anakaa kushoto, yule kulia. Mimi sipingi kesha, mnanijua. Lakini kesha ya kuepuka kuongea na mwenzako ni choki. Yesu alisema uiache sadaka yako pale pale madhabahuni, uende kwanza mkapatane. Yaani hata sadaka ingoje.

Ninyi wawili mnajijua, na sitataja jina. Wiki hii sitaki kuwaona kwenye kesha ya Ijumaa. Kaeni nyumbani, watoto wakilala mzime simu, mweke hiyo pesa mezani muiongee mpaka ijulikane ni nani aliwaambia nini. Mkishindwa, Jumamosi kuanzia saa tatu niko nyumbani na mama mchungaji, na chai itakuwa tayari.