DAWA YA MFUNGWA: NI HISANI AU NI HAKI?

Sifa njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baadu. Katika maneno yasemwayo barazani pasi na kupimwa ni haya: ikisikiwa kuwa mtu fulani yuko gerezani, naye ni mgonjwa wala hana dawa, mmoja husema, "Mwache aonje, aliyataka mwenyewe." Na mwengine mwenye moyo laini husema, "Masikini, mwenye uwezo na amsaidie kwa ajili ya Mungu." Wa kwanza amekosa, na kosa lake ni wazi. Lakini wa pili naye hakuifikia haki, kwa kuwa ameifanya dawa ya mfungwa kuwa ni hisani, mtu akipenda hutoa na asipopenda hana lawama. Tutakalo kulibainisha katika waraka huu ni kuwa dawa ya mfungwa ni haki yake juu ya aliyemfunga. Na aliyemfunga si askari mwenye funguo peke yake, bali ni sisi raia sote, kwani serikali hufunga watu kwa jina letu na kwa ajili ya amani yetu. Hisani ina mahali pake, lakini huja baada ya haki, wala haiwi badala yake.

Tutaitazama mas-ala hii kwa mfano wa miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Mbeya. Na sababu ya kuichagua ni kuwa watu wetu wa pwani wengi wako huko kwa biashara, kwa utumishi na kwa udereva wa malori yaendayo Zambia. Na tangu reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975 njia ya Mbeya imekuwa nyepesi zaidi. Lakini njia nyepesi si njia fupi. Kutoka Dar es Salaam hatta Iringa ni kilomita kama 500 kwa barabara, na hatta Mbeya ni zaidi ya 800. Basi mtu wa Tanga au wa Kilwa akikamatwa huko, hana mama wa kumletea chakula, wala ndugu wa kumpelekea vidonge alivyoviacha chini ya mto. Yeye ni mfungwa, na juu ya hayo ni mgeni.

Tena nchi ile ni ya juu. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa Juni na Julai baridi yake mtu wa pwani haijui. Mahali palipobanana watu wengi, na madirisha yakafungwa kwa ajili ya baridi, kifua kikuu hupita kwa pumzi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine. Na maradhi haya humwandama zaidi mwenye virusi vya ukimwi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa katika watu wazima wa mkoa wa Iringa 11.3 katika kila 100 walikuwa na virusi hivyo, na Mbeya 9.3, hali ya kuwa nchi nzima ilikuwa kama 5. Kwa hivyo mlango wa gereza la Ruanda la Mbeya, au wa gereza la Iringa, ukifungwa, wanaofungiwa ndani si watu wazima wa afya wote; wako wenye maradhi ambayo uhai wao umeshikwa na kidonge cha kila siku.

Wala haiwezi kusemwa kuwa dawa haimo nchini. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sharia ya mwaka 1993, na ina maghala ya kanda Mbeya na Iringa, yaani katika miji ile ile yenye magereza. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya ukimwi hutolewa bure. Palipo na maneno ni kati ya ghala na mkono wa mgonjwa. Mtu huru akiambiwa dawa haipo, huenda duka la pili na la tatu, hukopa, huuza kuku, humwandikia nduguye. Mfungwa akiambiwa haipo, neno limekwisha. Akiandikiwa kwenda hospitali kubwa, yataka pawe na gari, na askari wa kumlinda, na ruhusa ya mkubwa. Kimoja kikikosekana, siku yake imempita.

Sasa natutazame dini yasemaje.

Mwenyezi Mungu katika Suratul-Insan amewasifu watu wema kwa kuwa hulisha chakula wanachokipenda wenyewe, humpa masikini, na yatima, na mfungwa. Na wafasiri wametaja kuwa wafungwa wa zama zile walikuwa ni washirikina. Basi asije mtu akauliza kwanza dini ya mfungwa, au kabila lake, ndipo amwonee huruma.

Na katika Sahihi ya Muslim, Imran bin Huswayn amehadithia khabari ya mtu wa Banu Uqayl aliyetekwa akafungwa. Kila Mtume s.a.w. alipogeuka kwenda zake, yule mfungwa alimwita kwa jina lake, naye Mtume akamrudia. Alipotaka kuachiliwa, hakuachiliwa kwa maneno yake. Aliposema kuwa ana njaa na kiu, Mtume alikubali kuwa hiyo ni haja yake. Zingatieni, ndugu zangu, jinsi mambo mawili yalivyotengwa: kufungwa kwake ni jambo moja, na haja ya mwili wake ni jambo jingine. Hakufunguliwa kwa kuwa ana njaa, wala hakunyimwa chakula kwa kuwa amefungwa.

Kisha ikumbukeni hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Makosa yake yalitajwa mawili pamoja: hakumlisha alipomfunga, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Lau angalimwacha huru asimpe kitu, hangalikuwa na hukumu hiyo. Kufunga ndiko kulikomtwika mzigo. Na ikiwa haya ni ya paka, yakoje ya mwana wa Adamu?

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu wameliweka jambo hili katika fikihi. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa majeraha, ametaja mtu aliyemfunga mwenziwe, akamzuilia chakula na kinywaji na kuvitafuta, hatta akafa. Ukipita muda ambao mtu kama yule kwa kawaida hufa, basi ni kuua kwa kusudi. Na ikiwa yule aliyefungwa alikuwa na njaa tangu kabla, na mfungaji alijua, hukumu ni hiyo hiyo japo muda ni mfupi. Kwani ajuaye udhaifu wa mtu hawezi kusema hakukusudia.

Katika maneno hayo mna funguo mbili. Ya kwanza ni kule kuzuiliwa kutafuta. Ndiko kunakoigeuza njaa ya mtu ikawa dhamana ya mwengine. Ya pili ni ujuzi. Basi mfungwa mwenye kisukari ambaye bila ya sindano ya insulini huangamia kwa siku chache, na wenye kumshika wamekwisha kuambiwa, hana tofauti kubwa na yule mwenye njaa ya kabla. Sisemi kuwa hukumu ya kisasi yashuka juu ya kila mwenye funguo. Hiyo ni kazi ya kadhi na ushahidi. Nasema sababu ya wajibu ni moja, na mbele ya Mwenyezi Mungu hesabu ni nzito.

Akisema msemaji: "Vitabu vyetu vyasema kuwa kujitibu ni suna, si wajibu, na mume halazimiki kununua dawa ya mkewe. Basi vipi serikali ilazimike dawa ya mwizi?" Twamjibu kwa njia mbili. Kwanza, wanavyuoni hawakulazimisha dawa kwa sababu kupona kwayo katika zama zao kulikuwa ni dhana, si kama chakula kiondoavyo njaa. Na pamoja na hayo iko kauli katika madhehebu kuwa ni wajibu kutibu jeraha linaloogopewa kuua. Leo ziko dawa ambazo athari yake imejulikana kama ijulikanavyo ya mkate. Pili, aliyeruhusiwa kuacha dawa ni mgonjwa mwenyewe, kwa kumtegemea Mola wake. Hakuna katika sharia tawakkuli ya kumfanyia mwenzio kwa kumnyima. Ndiyo maana wanavyuoni wakasema kuwa aliyefungwa akiwa nacho chakula, akaacha kula kwa hiari yake, mfungaji hana lawama. Na mke hakufungiwa mlango asitafute, mfungwa amefungiwa.

Akisema tena: "Huyu ni mhalifu, na taabu ni sehemu ya adhabu yake." Twamjibu: adhabu ni ile iliyotamkwa na hakimu. Akihukumiwa miaka miwili, hakuhukumiwa miaka miwili na kukohoa damu. Mwenye kumzidishia amejifanya hakimu juu ya hakimu. Tena wengi waliomo ni mahabusu ambao hawajahukumiwa neno, na katika nchi yetu katika miaka ya nyuma walikaribia nusu ya wote waliomo magerezani. Nabii Yusuf a.s. alikaa gerezani miaka naye hana kosa, na aliyeombwa amtaje kwa bwana wake alisahau. Wangapi leo wako ndani kwa kuwa wa nje wamewasahau?

Akisema mara ya tatu: "Kijijini wako watu huru wasio na kosa, nao hawana dawa. Je, mwizi atangulizwe?" Swali hili ni la haki kuliko yale mawili. Na jawabu ni kuwa hatutaki mfungwa awe juu ya mtu huru. Twataka asiwe chini yake. Ndivyo mataifa yalivyopatana mwaka 2015 katika kanuni zilizopewa jina la Mandela, kuwa matibabu ya mfungwa yawe sawa na ya watu wa nje, bila malipo, na yasikatike. Mtu huru akikosa, tuna wajibu wa kumsaidia. Mfungwa akikosa, sisi ndio tuliomzuilia.

Na kutokukatika huko kuna manufaa hatta kwetu tulio nje. Dawa za kifua kikuu cha kawaida hunywewa miezi sita. Akihamishwa gereza, au akifunguliwa katika mwezi wa tatu, asipate barua ya kupokelewa kliniki nyingine, maradhi hurudi yakiwa yameizoea dawa, naye huyapeleka nyumbani kwa wanawe. Tanzania ndiyo nchi ambayo, katika mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977 kwa uongozi wa Dakta Karel Styblo, ilionyesha kuwa mgonjwa akisimamiwa kunywa dawa zake hatta mwisho hupona. Kisha walimwengu wakaifuata njia hiyo. Haifai tulilowafundisha wengine tushindwe nalo katika magereza yetu.

Wala jambo hili si geni katika Uislamu. Mwanzo wa karne ya nne ya Hijra, mjini Baghdad, waziri Ali bin Isa alimwandikia mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit, kuwa amewafikiri watu wa magerezani: kwa wingi wao na ugumu wa mahali pao hawakosi maradhi, nao wamezuiliwa wasiweze kujitafutia tabibu. Akamwamuru awawekee matabibu wa kuwaingilia kila siku, nao wachukue pamoja nao dawa na vinywaji vya wagonjwa. Tazameni hoja yake: wamezuiliwa. Ndiyo hoja ya paka, na ndiyo hoja ya Minhaj. Na hakusema wapewe sadaka; aliamuru kwa amri ya dola.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuiombe serikali kwa adabu na bila kuchoka, kwa njia ya wabunge wetu na masheikhe wetu, fungu la dawa za magereza lisiwe la mwisho kukumbukwa. Pili, ndugu yako akikamatwa, siku ile ile ipeleke kadi yake ya kliniki na dawa zake kituoni, uwaambie mbele ya shahidi kuwa ni mgonjwa wa kisukari, au wa kifafa, au wa pumu. Kwani ujuzi ukiwafikia, udhuru wao umeondoka. Na akiwa ni mtu wa dhamana, simama umdhamini, maana dhamana nayo ni dawa. Tatu, misikiti ya Iringa na Mbeya iwe na watu wawili watatu waaminifu wa kuzuru gerezani kwa ruhusa ya mkuu wake, wawatazame wageni wasio na jamaa huko, na wawapelekee jamaa zao khabari. Nne, mwenye kutaka kutoa sadaka asipeleke vidonge vya mkononi, wala vilivyopita muda wake. Huo ni udanganyifu na huenda vikaua. Amwulize mganga wa gereza ni dawa gani iliyoandikwa ikakosekana, ainunue dukani kwa risiti, na aikabidhi kwa mkono wa mganga. Na tano, anayetoka apokewe na kupelekwa kliniki kabla hajapelekwa karamuni.

Mwenye kufanya haya asione kuwa amefanya hisani kubwa. Amelipa sehemu ya deni. Akiisha kulipa deni na akazidisha, hapo ndipo hisani huanza, na Mwenyezi Mungu huwapenda wenye kufanya hisani.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio nje na walio ndani, wafungulie walioonewa, waongoze waliokosa, wala usitufanye katika wale walioshika funguo wakasahau. Amin.