Vichwa vya Udongo



Kwetu Midia, upande wa Koboko, mvua zinapoelekea kuisha na mtama umeanza kuvunwa, watoto hawasubiri kununuliwa vitu vya kuchezea. Huvitengeneza wenyewe. Udongo wa kichuguu ukilowa hushikana vizuri, na kwa udongo huo hufinyanga ng'ombe wenye pembe ndefu, mbuzi na watu. Bua la mtama likimenywa, ganda lake gumu na moyo wake laini huunganishwa kuwa miwani, baiskeli, hata lori. Gunzi la mahindi likifungwa kipande cha kitenge huwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mimi nilikuwa fundi wa malori. Ng'ombe wangu walikuwa wakianguka kila mara, miguu ikiwa myembamba mno.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani nikiwa nimetoka kusoma mlango wa taswira katika somo la hadithi. Nilikuta binti wa dada yangu, ana miaka sita, amepanga barazani jamaa nzima ya udongo: baba, mama, bibi mwenye kijiti cha mkongojo, watoto wanne na ng'ombe watatu. Nikakaa naye. Sikumfokea, jambo ambalo wakati ule nililihesabu kuwa hekima. Nikamweleza kwamba wenye kutengeneza sura za vyenye roho wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie uhai walivyoviumba, nao hawataweza. Kisha nikakumbuka ile hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) kuhusu Jibrili (a.s.) kutoingia nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) kwa sababu, pamoja na mengine, palikuwa na sanamu mlangoni, akaagiza kichwa chake kikatwe ili ibaki kama mti. Nikachukua kisu cha jikoni. Vichwa kumi.

Akaniuliza, "Mjomba, sasa wamekufa?"

Nikamjibu kwamba hawajafa kwa kuwa hawakuwa hai. Nilidhani nimejibu vizuri sana.

Asubuhi mama yangu aliniita nyuma ya jiko. Palikuwa na vilima vidogo kumi vya mchanga, vimepangwa mstari mmoja. Alikuwa amefukua kimoja akatazama: mwili umelazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa kimerudishwa mahali pake, kama mtoto alivyosikia watu wazima wakielezana msibani. Mama akasema tu, "Jana walikuwa udongo, mwanangu. Leo tuna makaburi."

Ndugu msomaji, nimeyafikiria maneno hayo muhula mzima. Nilitaka kumfundisha mtoto kwamba udongo hauna roho, na roho ni amri ya Allah peke yake. Lakini kabla ya kisu changu yeye alilijua hilo kuliko mimi. Aliwawekea ng'ombe wake majani, lakini hakukaa kungoja wale. Mvua ikiwanyeshea usiku, kesho wamekuwa tope, na hakulia. Alilikanda tope lile lile akaanza upya. Hakuna mtu aliye mbali zaidi na madai ya kuumba kuliko mtoto huyo. Katika Qur'ani, Nabii Isa (a.s.) alifinyanga umbo la ndege kwa udongo, na halikuwa ndege mpaka kwa idhini ya Allah. Mtoto wetu alikuwa akiishi ndani ya mpaka huo bila kuhutubiwa. Aliyewapa wale wa udongo kifo ni mimi, na kisichokuwa na uhai hakifi. Basi ni nani kati yetu aliyewatia uhai?

Nilirudi vitabuni, safari hii bila haraka. Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Katika Abu Daud tunasoma kwamba upepo ulifunua pazia wakaonekana, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume (s.a.w.) aliuliza kwanza: hawa ni nini? Na farasi ana mbawa? Bi Aisha akamjibu kwa habari za farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.) waliokuwa na mbawa, naye akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Mimi sikuuliza hata swali moja. Sijui mpaka leo yule bibi mwenye kijiti alikuwa nani.

Kadhi Iyadh, kama anavyomnukuu Imamu Nawawi, ametaja kwamba wanavyuoni walio wengi wameruhusu wanasesere wa watoto. Wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa baadaye, na wapo waliosema wale wa Bi Aisha hawakuwa na sura kamili. Siwadharau, mimi ni mwanafunzi tu. Lakini hata ukishika kauli yao, bado hujaambiwa umwendee mtoto wa miaka sita na kisu. Ar-Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.) anasimulia kwamba siku ya Ashura waliwafungisha watoto wao, wakawatengenezea kitu cha kuchezea cha sufi, na mtoto akililia chakula wanampa hicho mpaka wakati wa kufuturu. Umbo lake halikutajwa. Kinachonishika ni ile mikono ya watu wazima iliyokaa kusokota sufi kwa ajili ya mtoto anayelia, na hiyo ikawa sehemu ya funga.

Nauleta mjadala huu hapa kwa sababu wenzetu wanaosomea ualimu wanauliza. Wanatakiwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa udongo na nyuzi za migomba, na wengine wanaogopa. Maoni yangu ni kwamba kwa ajili ya watoto, kauli ya walio wengi inatosha. Asiyetulia moyo afinyange chungu, nyumba, mti. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyekula kwa kazi ya kutengeneza sura hakumkatia riziki, alimwonyesha miti na visivyo na roho. Ila tusimchukue farasi wa Bi Aisha tukamweka kabatini sebuleni kama pambo la watu wazima. Hilo ni suala jingine, na hukumu yake ni kali zaidi.

Rafiki yangu mmoja chuoni anasema najilaumu bure, kwamba yale makaburi nayo yalikuwa mchezo. Huenda. Lakini kwa siku zote zilizobaki za likizo, mtoto yule aliponiona alificha mikono.

Kabla ya kurudi Mbale nilimenya mabua nikamtengenezea lori, kazi niliyokuwa nikiijua. Alilizunguka, akalikagua magurudumu.

"Dereva yuko wapi?"

Nikamwambia amfinyange yeye. Alinitazama, akatazama mikono yangu yote miwili, kisha akaenda kuchota udongo. Alipomaliza akamweka dereva ndani ya lori. Hakuwa na kichwa.

Nilimwomba amwekee. Akasema udongo umekwisha.