Ujirani Unaolipwa kwa Alama

Daraja la mtaa, katika mchezo wa mali za mtandaoni, ni hesabu inayofanya viwanja vya watu mbalimbali vipande au vishuke thamani pamoja. Mchezaji hununua kiwanja kwenye ramani, hujenga, kisha hungoja mapato au faida ya kukiuza. Upland, mmoja wa michezo inayojulikana zaidi ya aina hiyo, ulianza na ramani ya San Francisco; viwanja vyake hufuata anwani halisi na hununuliwa kwa sarafu iitwayo UPX. Mchezo kama huo ukihesabu kiwanja kimoja kimoja tu, kila mwenye mali hujifungia kwake. Daraja la mtaa huwatoa nje. Majengo yaliyokamilika, mapambo na vifaa ambavyo wachezaji wameazimana huupa mtaa mzima alama, na alama hizo humrudia kila mkazi kama mapato zaidi au ruhusa ya kujenga makubwa. Kanuni hutofautiana kati ya mchezo mmoja na mwingine, lakini shabaha ni kumfanya mtu aone faida yake katika ustawi wa jirani.

Tatizo linalotibiwa hapo ni la zamani. Mwaka 1965 mchumi Mmarekani Mancur Olson alieleza kwa nini kundi kubwa lenye masilahi ya pamoja aghalabu hushindwa kuyatafuta: matunda yakigawiwa wote, kila mmoja huona afadhali wenzake watoe jasho naye adoee. Dawa aliyoitaja ni zawadi au adhabu inayomfikia mtu binafsi kwa kadiri ya mchango wake. Daraja la mtaa ni nusu ya dawa hiyo. Linamwonyesha mchezaji kwamba ushirikiano unalipa, ila linamlipa pia aliyelala.

Swali la kifalsafa linalozuka kwanza ni la nia. Je, anayemsaidia jirani ili alama zipande amefanya wema, au amefanya biashara? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitoa mfano wa mwenye duka asiyemlangua hata mtoto, kwa kuwa sifa ya uaminifu humletea wateja. Tendo ni la haki, lakini Kant hakulihesabia thamani ya kimaadili, maana lilitoka kwenye hesabu ya faida. Injili ya Mathayo nayo inamtaka mtoa sadaka ajifiche, kwa sababu anayetoa ili aonekane ameshalipwa kwa kule kuonekana. Kwa kipimo hicho ubao wa alama, ambao kazi yake yote ni kuonyesha, unaanza kesi ukiwa umeshashindwa.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakuwa mkali kiasi hicho, na pengine aliwajua watu vizuri zaidi. Katika Ihya Ulum al-Din alikubali kwamba nia ndani ya moyo mmoja huchanganyika. Mwenye kutenda kwa ajili ya Mungu huku akitamani pia sifa au faida, zote mbili huwekwa kwenye mizani: zikilingana hufutana, ya dunia ikizidi humdhuru, ya Mungu ikizidi humwachia thawabu kwa kadiri ya ile ziada. Aristotle aliliendea jambo kwa njia nyingine kabisa. Kwake, mtu huwa mwadilifu kwa kuzoea kutenda ya uadilifu, na mwanzoni mazoea hayo huhitaji msukumo wa nje, kama mtoto anayesifiwa au kukemewa. Ukifuata hoja hiyo, alama zinaweza kuwa ngazi ambayo mtu huikanyaga mpaka msaada umjie wenyewe.

Ugumu wa hoja ya Aristotle ni kwamba si kila malipo hufundisha mazoea. Mengine huyavunja yaliyokuwapo. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wao wa vituo 10 vya kulelea watoto mchana mjini Haifa, Israeli. Vituo 6 vilianza kuwatoza faini ya shekeli 10 wazazi waliochelewa zaidi ya dakika 10 kuwachukua watoto. Uchelewaji uliongezeka hadi takriban maradufu, na faini ilipofutwa haukupungua. Wazazi waliokuwa wakimwonea haya mwalimu sasa walikuwa wakinunua muda wake. Faini si zawadi, ni kweli, lakini funzo linavuka: bei ikiingia mahali palipokuwa na haya au huruma, hubadilisha namna watu wanavyoielewa shughuli yenyewe.

Ulimwengu wa mtandaoni una ushahidi wake. Second Life, uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, uliwaruhusu wakazi kupeana alama kwa tabia, mwonekano na ujenzi, na aliyepata nyingi aliongezewa posho ya kila wiki. Haikuchukua muda kabla ya kuzuka karamu ambazo wageni walikuja kwa lengo moja tu, kupeana alama na kuondoka. Tabia njema iliyokuwa ikipimwa haikuhitajika tena ili kipimo kipande. Mfumo huo uliondolewa mwaka 2007. Kipimo cha umaarufu wa ardhi humo kilipata mkasa unaofanana na huo: kwa kuwa mahali penye watu wengi palipanda kwenye orodha, wenye viwanja waliweka viti na kuwalipa wageni senti chache waketi tu, hata kama mwenye kuketi alikuwa amelala mbele ya kompyuta yake.

Hata hivyo, udanganyifu wa aina hii ni ugonjwa mwepesi. Waundaji wa mchezo wanaweza kuziba tundu na kubadilisha kanuni. Swali la nia nalo lina uzito mdogo kuliko linavyopewa, kwa sababu mchezo si ibada: anayejenga ili alama zipande hamdanganyi mtu, na jirani anafaidika vilevile. Jambo zito zaidi ni kwamba alama hubadilisha maana ya kuwa jirani wa mtu.

Dini zilizozungumzia ujirani kwa mkazo zinamchukulia jirani kama mtu asiyechaguliwa. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad, Jibril alisisitiza haki za jirani kiasi cha kumfanya Mtume adhani kuwa jirani atapewa fungu katika urithi. Katika mfano wa Msamaria mwema, jirani anajitokeza barabarani bila kutarajiwa, na ni wa kabila lisilopendwa. Mwenye haki hizo anaweza kuwa maskini, mgomvi au mgonjwa asiyeweza kuchangia chochote. Daraja la mtaa linamtazama kwa jicho jingine: thamani yake ni kile anachoongeza kwenye jumla.

Hay Day, mchezo wa kilimo uliotolewa na kampuni ya Supercell ya Ufini mwaka 2012, unaonyesha jicho hilo linapoelekea. Humo mtaa ni chama cha wachezaji wasiozidi 30, na kila wiki mitaa hushindana kwa kutimiza kazi zenye alama. Kazi ya thamani kubwa kwa kawaida huwa na alama 320. Mitaa mingi inayotaka kushika nafasi za juu huwataka wanachama wachukue kazi za alama 320 tu, na anayechukua ndogo, au anayeshindwa kumaliza kwa kuwa amechoka au ana mitihani, hutolewa. Waundaji waliweka baadaye njia ya mtu kujitoa kwenye shindano la wiki bila kuuhama mtaa, jambo la busara. Ila mantiki ilibaki ileile. Ushirikiano ni mkubwa kweli, watu wanapeana misumari na mbao usiku na mchana, na ukarimu huo unakoma pale unapoanza kuhitajika.

Mtaa wa ramani, kama wa Upland, una nafuu moja: hakuna wa kumfukuza mwenye kiwanja. Mwenye nyumba namba fulani atabaki hapo, apendwe asipendwe, na kwa hili mchezo unakaribia ujirani wa kweli. Gharama yake ni yule aliyelala. Anaweza kununua kiwanja kitupu kwa bei ya chini, asijenge hata banda, akangoja wenzake wapandishe daraja, kisha akauza. Henry George alilifanya jambo hilohilo kuwa kiini cha kitabu chake cha 1879, Progress and Poverty. Kwa hoja yake, thamani ya ardhi tupu huletwa na jamii inayoizunguka, kwa hiyo faida hiyo irudishwe kwa jamii kupitia kodi, na kazi ya mikono ya mtu aachiwe mwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alitenganisha vivyo hivyo ardhi na jasho katika kijitabu chake cha 1958, Mali ya Taifa: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake, na mtu anaweza kudai kile tu alichoongeza kwa kazi yake. Mchezo wa mtandaoni hauna zawadi ya Mungu, una kampuni inayochora ramani na kuiuza. Lakini thamani inayopanda kiwanjani kwa aliyelala imetoka kwa majirani, na hoja ya wawili hao inaigusa.

Mtu aliyejaribu kuliweka fundisho la George ndani ya mchezo alikuwa Elizabeth Magie, aliyepewa hataza ya The Landlord's Game nchini Marekani mwaka 1904. Mchezo huo ulikuja kuwa na kanuni za aina mbili. Kwa zile za kwanza mshindi ni anayewafilisi wenzake. Kwa zile za pili kodi ya ardhi huingia mfuko wa wote, na mchezo humalizika kwa ushindi wa kila mtu pale mchezaji mwenye kidogo kuliko wote anapofikisha mara mbili ya alichoanza nacho. Kampuni ya Parker Brothers ilinunua hataza yake mwaka 1935 kwa dola 500, wakati huo ikianza kuuza Monopoly, mchezo uliotokana na huo. Zilizoenea duniani ni kanuni za kufilisi.

Kipimo kile cha pili kinajibu sehemu kubwa ya dosari zilizotajwa. Mtaa ukipimwa kwa hali ya mkazi wake wa chini, mwenye nguvu hana budi kumtazama dhaifu, na majumba matano ya fahari upande mmoja hayafichi magofu upande wa pili. Lakini ramani ina soko. Majirani wakichanga na kumnunua yule dhaifu aondoke, kiwango cha chini kinapanda siku hiyohiyo bila mtu yeyote kusaidiwa, kama inavyotokea katika miji ambako wapangaji wa zamani huhama kodi inapowashinda na mtaa ukasifiwa kuwa umeendelea. Kuzuia hilo kunadai kanuni inayomfuata mchezaji hata baada ya kuuza, yaani hesabu ya mtu badala ya hesabu ya kiwanja, na mchezo unaoishi kwa kuuza viwanja una sababu chache za kuitunga.