Mpanga Barua na Mashine: Tuna Deni Gani?

Siku moja baada ya ibada kijana mmoja wa mtaa wetu alituuliza swali. Ikiwa mashine yaweza kufanya kazi ya mtu kwa haraka zaidi na kwa gharama ndogo, je, ni dhambi kumwachisha mtu huyo kazi? Tulimjibu upesi kwamba ni dhambi. Tulipofika nyumbani jibu hilo halikuturidhisha. Basi tumeona vema kulitazama upya, kwa mfano wa kazi ambayo sisi wazee twaikumbuka, yaani kazi ya kupanga barua posta.

Sisi tuliosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliishi kwa barua. Gunia lilishushwa kutoka garini, lakiri ikakatwa, barua zikamwagwa mezani. Karani alizigonga muhuri, akazitia moja moja katika masanduku kwa kufuata namba. Nchini mwetu barua haikuzoea kwenda mlangoni kwa mtu. Ilikwenda kwenye sanduku, na mara nyingi kijiji kizima kilitumia sanduku la shule au la kanisa.

Mwaka mmoja tuliandikiwa barua na mzee wetu ambaye kalamu ilimshinda. Juu ya bahasha palikuwa na neno "Mwalimu", jina la babu yetu, na "Tarime". Namba ya sanduku haikuwapo. Barua ile ilitufikia, kwa kuwa karani alisumbuka kuuliza watu jina lile ni la nani. Ndani mlikuwa na habari ya ugonjwa wa mama. Tuliwahi kumwona siku nne kabla hajafariki. Karani yule hakulipwa zaidi kwa sababu ya kuuliza kwake.

Sasa tuitazame mashine. Huko Marekani, mwaka 1965, posta ya mji wa Detroit ilianza kutumia mashine iwezayo kusoma anwani zilizopigwa chapa. Baadaye mashine zikafundishwa kusoma hata mwandiko wa mkono. Barua iliyozishinda ilipigwa picha, na picha ikapelekwa kwa wafanyakazi waliokaa mbali, waisome na kuiandika anwani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vituo vya wasomaji hao vilikuwa 55. Kadiri mashine zilivyozidi kujua kusoma, vituo vilifungwa, hata mwaka 2013 kikabaki kimoja tu, mjini Salt Lake City. Hapo kwanza mtu alibakiziwa barua ngumu, kisha hata hizo ngumu zikapungua mikononi mwake.

Lakini tusiitupie mashine lawama yote. Hapa Nyamisangura barua hazikunyang'anywa karani na mashine ya kuzipanga. Sisi wenyewe tuliacha kuziandika. Hawala ya posta tuliiacha pia, hasa baada ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008. Na si sisi peke yetu. Huko Denmark posta yao ilikoma kusambaza barua mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya miaka 401. Kwa hiyo tukiuliza ni nani aliyempunguzia karani kazi, hatuna budi kujibu kwamba tumo sisi wenye simu mfukoni.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, twasoma habari za Demetrio, mfua fedha wa Efeso. Aliogopa kwamba mahubiri ya Paulo yangemwondolea riziki. Kuogopa njaa si kosa. Kosa lake ni kwamba alilivika tumbo lake joho la mungu wake wa kike. Nasi tusiseme mashine ni ya shetani, kumbe tunaogopa kukosa mkate. Na yule anayepata faida naye asilivike pato lake joho la maendeleo.

Basi jibu letu kwa yule kijana ni hili. Kutumia mashine si dhambi. Dhambi ni kuchukua faida yake na kumwacha njiani mtu aliyekuwa akila kwa kazi ile. Anayeokoa fedha kwa mashine ana deni. Yampasa kumwambia mfanyakazi mapema, kumfundisha kazi nyingine, na kumlipa haki yake bila kumzungusha. Katika Mathayo 20 mwenye shamba alimlipa mtu wa saa kumi na moja ujira wa siku nzima. Mtu yule hakuwa mvivu; hakuna aliyemwajiri.

Liko na deni la pili, nalo ni letu sote. Mashine huuliza namba. Karani yule aliuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Tangu mwaka 2022 nchi yetu imefanya kazi kubwa ya kuweka anwani za makazi na namba za nyumba, nasi twashukuru. Hata hivyo namba mlangoni haimsomei bibi kizee ujumbe ulioingia katika simu yake. Wako wazee katika mtaa huu wanaompa mtu wasiyemjua simu zao pamoja na namba ya siri, kwa kuwa hawana wa kuwasaidia, na baadhi yao wameibiwa.

Mtume Paulo alipopeleka waraka kwa Wakolosai, alimtuma Tikiko pamoja nao, ili awaeleze habari zake kwa kinywa. Twawaomba vijana wetu, kila mmoja achague mzee mmoja jirani yake, na kila Jumapili baada ya ibada amsomee jumbe zake, tena kwa uaminifu. Kazi ya karani yule bado ipo, na haina mshahara.